Himid Hajashuka Darini

Hamburg, 19 Januari 2025

Mdogo wangu Mwamvua,

Barua ya kwenda kwa mfiwa haifai kuanza na "hujambo", kwa hiyo sikuulizi. Nnakwambia tu kwamba kakako nipo, nimekaa kitako, nimeshika kalamu. Na mimi na kalamu unatujua. Skuli sikuiacha kwa ubaya. Tuliachana kwa wema, kila mtu akenda zake.

Nimepiga simu yako mpaka nimechoka. Anapokea shemeji yako Ubwa, sauti kama karani wa bandarini: "Mjane yuko edani, salamu zimefika." Nikamuuliza, eda ya masikio au ya mume? Akanikatia. Basi nikasema, miye niliyepita Santos na Busan, niliyevuka Suez mara nyingi kuliko yeye alivyovuka barabara ya Michenzani, nitashindwa na simu? Nikanunua stempu.

Himid. Siku alipokuja kukuposa nilimwambia, "Bwana, dada yangu ana ulimi." Akanijibu, "Na mimi nna masikio." Tangu siku ile nikampenda. Nimeona madaraja ya chuma na majumba ya vioo, lakini sikuona mtu anayejua dari la chokaa kama yule. Anapiga kigongo chini, anainamisha kichwa, anasikiliza kama daktari.

Kisa nimekipata vipandevipande. Kwamba kaanguka kutoka juu ya nyumba ile iliyo mbele ya dirisha lenu hapo Sokomuhogo, ile aliyopewa Mansour aikarabati iwe hoteli. Kwamba ilikuwa Ijumaa, adhuhuri, watu wote msikitini. Inna lillahi.

Nakuuliza jambo moja, na usinione sina haya kuliuliza mapema: kuna mtu kenda ofisi ya kazi? Mtu akifa kazini ana fidia yake. Mwanenu Nadra ana umri wa kusoma, si wa kurudi Chwaka kufunga mwani na bibi yake.

Nijibu. Mpe Khairiya aipeleke posta, yule wifi yako ana huruma.

Kakako asiyelala,
Mkubwa


Sokomuhogo, 6 Februari 2025

Kaka Mkubwa, shikamoo.

Barua imefika. Khairiya aliificha kwenye kanga mpaka Ubwa alipotoka. Nimeisoma mara nyingi na pale pa ulimi na masikio nimecheka. Tangu siku ile ndipo nilipocheka.

Nikueleze ilivyokuwa, maana nje wanaeleza vyengine.

Walikuwa katika siku za mwisho za kulipiga lile dari la juu, lililo paa la nyumba. Unajua wanavyofanya: wanajipanga mstari, Bi Bashira anaanzisha nyimbo, wao wanaitikia na vigongo vinashuka pamoja, mpaka chokaa ishikane. Haliachwi. Ukiliacha kabla halijaiva linapasuka, masika yakija linavuja. Na desturi ya kundi lao, dari likishaiva, mkubwa wa kazi, hapa Mansour, anapanda mwenyewe anasema, "Shukeni, limeiva." Wanakula wali palepale juu, ndio wanashuka. Asiyeambiwa hashuki.

Ijumaa ile waliondoka wote kwenda kusali. Mimi nilikuwa chumbani natawadha, nikasikia kigongo kimoja bado kinapiga. Nikajua ni chake, Himid hupiga mbili nzito na moja nyepesi. Nikasema moyoni, huyu leo hasali? Kisha kikakatika. Hakikumaliza. Zilipiga zile mbili, ile nyepesi haikuja.

Kichochoroni hapakuwa na mtu. Nilimfikia mimi kwanza.

Tulimzika kabla ya magharibi. Mansour alikuja barazani akilia, akaomba radhi. Ubwa akamshika mkono mbele ya watu: "Tumekupa radhi, duniani na akhera. Hatudai kitu." Watu wakasema amin. Miye nilikuwa ndani na wanawake, nikasikia. Sasa kila nikigusa habari ya fidia, Ubwa anasema nataka kuila radhi iliyokwishatolewa, ni kama mtu kurudia matapishi yake. Na Mansour anawaambia watu kwamba kazi alishaifunga, Himid alibaki kwa hiari yake. Kwa hiyo mtaani wanasema: angekwenda kusali, asingeanguka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kaka. Wanamfanya mume wangu mtu aliyeiuza Ijumaa kwa kibarua.

Na kuna jambo jengine. Usinicheke.

Nyumba ile imefungwa kufuli tangu siku ile. Lakini kila adhuhuri, watu wakishaingia msikitini na kichochoro kikawa kitupu, nasikia kigongo juu ya lile dari. Mbili nzito, moja nyepesi.

Wasalaam,
nduguyo Mwamvua


Hamburg, 24 Februari 2025

Mwamvua wangu,

Nimeisoma. Nimeiweka chini, nimevaa koti, nimezunguka mtaa mzima kwenye baridi ya kukata pua, nimerudi, nimeisoma tena.

La kigongo nianze nalo. Nyumba tupu za Mji Mkongwe zina popo, zina paka, zina mabati yaliyolegea. Mimi nimelala kwenye meli iliyolia usiku kucha kama mtoto, kumbe ni mlango wa choo. Kwa hiyo tulia, soma Ayatul Kursiyu, na mwambie Khairiya alale chumbani mwako. Limekwisha hilo.

Sasa la fidia. Nisikilize, kwa sababu hapa ndipo kakako alipo profesa bila joho.

Unaujua mkono wangu wa kushoto, umepungua vidole viwili. Watu wote huko nyumbani nimewaambia vililiwa na papa. Wewe nnakwambia ukweli: vyote viwili ni vya kazi, lakini kila kimoja kina nchi yake.

Cha kwanza, kidole cha mwisho, kilikwenda na kamba ya meli. Meli ilikuwa na bendera ya nchi ambayo haijawahi kuiona hata kwa mbali, tajiri wake yuko nchi nyengine, wakala nchi ya tatu. Nikauliza, fidia yangu nidai wapi? Kila mmoja akaninyooshea kidole kwa mwenzake, na miye ndiye niliyepungukiwa. Nilipewa mkono na chupa ya soda. Wallahi, soda yenyewe moto.

Cha pili, jirani yake, kilikwenda hapahapa ghalani Hamburg. Na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nnamsimulia Mturuki mmoja habari za Brazili, sikutazama mashine. Nikajua nimekwisha, watasema jinga hili lijilipe lenyewe. Akaja mtu wa mfuko wa ajali, mfuko ambao waajiri wote wanautia fedha, mpole kama mkunga. Hakuniuliza nani mkosa. Aliuliza tu: ulikuwa kazini? Nikasema ndio. Basi. Wakanitibu, wakanitunza nikiwa kitandani, nikapona wakanifundisha kazi nyengine. Huku hata ukiteleza njiani ukienda kazini, imo!

Si kila nchi iko hivyo. Rafiki yangu yuko Uingereza. Kule mwajiri lazima akate bima, lakini ukitaka haki yako kamili sharti uende na wakili umnyooshee kidole tajiri wako, useme, "Huyu kazembea." Marekani ndio kila jimbo na sheria yake, ukivuka mto ajali imebadilika jina. Na kwetu usidhani ni mamoja na Bara. Wao wana mfuko wao, sisi Visiwani tuna sheria yetu.

Unaona ninapokwenda? Ubwa anadhani kudai fidia ni kumnyooshea Mansour kidole. Hapana. Radhi ni ya mtu, fidia ni ya kazi. Unaweza kumsamehe mtu moyo mweupe kabisa, na kazi bado ikawa na deni na watoto wa marehemu. Mwambie Ubwa hivyo, na akikataa mwambie imetoka Ulaya, ataiamini.

Nimempigia Bi Bashira. Yeye atakwenda ofisi ya kazi kutoa taarifa, wewe huna haja ya kutoka edani.

Nikwambie na siri ya mwisho, ya kipuuzi. Vidole vyote viwili havipo, lakini kile kilicholipwa kimelala. Sikisikii. Kile cha soda kinaniwasha mpaka leo. Nikiwa kazini, nikiwa nakula, kinakuna hewa. Daktari ana jina lake la Kilatini. Mimi nnasema kinasubiri mtu aseme, "Ndiyo, ulikuwa kazini."

Kakako, tajiri wa vidole vinane,
Mkubwa


Sokomuhogo, 17 Machi 2025

Kaka, shikamoo, na Ramadhani njema.

Bi Bashira alikwenda. Afisa wa kazi kaja mwenyewe, kijana mstaarabu, kakaa barazani na Ubwa, miye nikajibu nikiwa nyuma ya pazia. Na alisema ulivyosema. Alisema, "Sisi hatumtafuti mkosa, mama. Tunauliza, marehemu alikuwa kazini?" Ubwa alimtaka alirudie neno lile. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu?" Tangu siku hiyo amenirudishia simu. Lakini sitaki kukupigia. Kwa kuandika nasema nisiyoweza kuyatamka.

Tatizo ni Mansour. Afisa alipomwendea, alisema: kazi nilishaifunga, niliwaambia wote waende kusali, Himid alibaki kwa hiari yake, hakuwa kazini. Hakuna aliyesikia vyengine. Afisa kasema neno hilo likisimama, hapana fidia.

Basi kaka, tuyaache. Ni mwezi mtukufu, sitaki watu wavutane kwa ajili yangu. Chwaka mama yupo, mwani upo, Nadra atazoea.

Na si popo. Juzi Nadra alikuwa anachezea kifuniko cha sufuria sakafuni. Wakaadhini, kichochoro kikanyamaza. Akainua kichwa akasema, "Baba kashaanza." Kisha akaanza kupiga kifuniko naye: mbili nzito, moja nyepesi, bila kukosea. Khairiya alikuwa hapohapo, hakusikia kitu. Alituangalia sisi wawili kwa zamu, akaondoka.

Nina suali moja, lile ulilosema limenikaa. Kile kidole chako kilicholipwa, kilipolala, hukuwahi kukitamani kiwashe tena?

Usimsumbue Mansour. Nakuomba.

Mwamvua


Hamburg, 3 Aprili 2025

Kwa Mansour, mwana wa Kikwajuni mwenzangu, ambaye simu zangu hazipokei,

Salamu za Idi, japo zimechelewa. Za kwako hazikuja kabisa.

Usiogope bahasha. Sikuja na wakili, sikuja na polisi, na kukupiga siwezi, mkono wangu hautoshi ngumi. Nimekuja kama yule Mkubwa aliyekubeba mgongoni siku ulipovunja mguu kwenye uwanja wa mpira, ukanitapikia shati, nami nikasema kwa mwalimu kwamba nilitapika mwenyewe. Shati lile lilikuwa jipya, Mansour.

Dada yangu ameniambia nisikusumbue. Anaogopa. Amekaa ndani miezi, anasikia kigongo cha mumewe darini kwako kila adhuhuri, na mtoto anasikia. Mimi nilimcheka kwanza. Sasa sicheki. Mjane mchanga anatishwa na kivuli mchana kweupe, na mimi niko mbali nauza maneno.

Nakuandikia kwa sababu nakujua. Wewe si mtu wa kula haki ya yatima. Wewe ni mtu wa kuogopa. Uliogopa mpira, uliogopa mwalimu, na sasa unaogopa kwamba ukisema "alikuwa kazini" umesema "nimemuua". Nchi ziko ambazo ni hivyo, kulipa ni kukiri. Hapo kwetu sivyo, muulize huyo afisa. Kusema "alikuwa kazini" ni kusema alikuwa kazini. Kama ulikata bima, bima itasema. Kama hukukata, utalia kidogo, lakini utalia ukiwa mtu.

Himid na Ijumaa yake namjua mimi. Nilipanda naye darini likizo moja, chokaa ikiwa mbichi kabisa, adhana ikapigwa. Akaifunika magunia mabichi akashuka. Nikamwambia litapasuka. Akasema, "Litapasuka, nitalipiga upya. Ijumaa haipigwi upya." Sasa wewe niambie, mtu wa namna hiyo anabaki juu kwa hiari yake?

Sijui ulimwambia nini. Sikuulizi mimi. Mwambie anayeuliza.

Wako wa tangu shati,
Mkubwa


Mji Mkongwe, 28 Aprili 2025

Kwa ndugu Mkubwa,

Barua yako nilikaa nayo wiki mbili mfukoni. Ilipotaka kuchanika kwa kukunjwa nikaenda ofisi ya kazi.

Nimewaambia hivi, na wewe nakuandikia vilevile. Wingu lilikuwa limefunga. Mwenye nyumba alikuwa ananipigia simu kila saa. Wenzake walipoteremka, Himid alifunika magunia akashika ngazi ashuke nao. Mimi nikiwa chini nikamwita. Nikamwambia, "Wewe rudi. Usishuke mpaka nikwambie." Akaniangalia. Akasema, "Ijumaa hii, Mansour?" Nikasema, "Dhambi zake juu yangu." Akarudi juu.

Kisha nikaenda kusali miye.

Nilikuwa nimwambie nikitoka msikitini. Nilipotoka watu walikuwa wanakimbilia kichochoroni.

Kesi siiogopi tena. Afisa kaandika, kanipa mkono. Bima ninayo, kwa hiyo sikunyamaza kwa ajili ya fedha. Nilinyamaza kwa sababu ya lile neno, kwamba mtu aliikosa Ijumaa yake ya mwisho kwa amri yangu, na nikaacha watu waseme kaikosa kwa tamaa yake. Ijumaa iliyopita nilisimama msikitini baada ya sala nikalisema mbele ya wote. Ubwa alikuwepo. Alinikumbatia.

Ufunguo wa nyumba ile ninao. Sijaweza kuufungua mlango. Uliandika hujui nilimwambia nini. Mimi kinachonila ni nisilomwambia. Nilisema "mpaka nikwambie", na sikumwambia.

Mansour


Sokomuhogo, 25 Mei 2025

Kaka yangu Mkubwa, shikamoo.

Habari njema nianze nazo, kwa sababu ni zako. Wamekubali. Wameandika kwamba Himid alifia kazini, na Nadra atatunzwa na kusomeshwa. Chwaka tutakwenda kwa likizo tu. Eda imekwisha, nimetoka. Wanawake wa mtaa wananisalimia kwa kunitazama usoni, na jina la Himid wanalitaja na rehema mbele yake. Ubwa anamhadithia kila anayepita kwamba radhi ni ya mtu na fidia ni ya kazi, anasema kaisoma yeye mahali.

Alkhamisi Mansour alikuja na ufunguo. Alikuja na Bi Bashira na kundi zima, na sufuria la wali. Aliniomba ruhusa, nikanyamaza, akadhani nimekubali. Tulipanda wote. Dari limepasuka pote kwa masika, kaka, maji yamesimama kama vidimbwi, isipokuwa kipande kimoja upande wa dirisha langu. Bi Bashira akakigonga kwa kigongo, kikalia kama kengele. Aliweka sinia palepale.

Mansour akasimama pembeni, uso umelowa. Akasema kwa sauti, kama anavyoitwa mtu aliye mbali:

"Himid! Shuka, limeiva. Kazi imekwisha."

Bi Bashira akaitikia, "Naam," kwa niaba yake. Tukala. Tukashuka.

Kaka, nilikuandikia tuyaache, ukadhani naogopa. Kila mtu alidhani naogopa. Khairiya alinisomea maji, Ubwa akaleta ubani. Wewe ukamwandikia Mansour kwamba natishwa na kivuli, barua kanionyesha mwenyewe.

Sikuwa naogopa. Nilikuwa namsikiliza.

Kila adhuhuri nilijitia marashi nikakaa dirishani. Nilimjua siku aliyochoka na siku aliyo na furaha, kwa ile ya tatu, nyepesi. Siku ya Idi alipiga haraka kama aliyekuwa na njaa ya kuja nyumbani. Mwenye mume safarini hupata salamu. Mimi nilipata hizo. Ulipoandika kwamba kidole kilicholipwa kimelala, nilijua papo hapo. Nilijua wakisema tu "alikuwa kazini", atashuka. Nilitaka Nadra asome. Nilitaka jina la mume wangu lisafishwe. Na nilitaka asiambiwe, abaki juu, hata siku moja zaidi. Nilikuuliza suali, hukunijibu. Si lawama. Ulikuwa na mengi ya kumwandikia Mansour.

Juzi, Ijumaa, nilivaa ile kanga aliyoipenda, nikakaa. Waliadhini. Kichochoro kikawa kitupu. Nadra akaja na kifuniko chake akaketi miguuni pangu, akasubiri. Tulisubiri mpaka watu wakatoka msikitini, viatu vikapita chini, muuza kahawa akapita na vikombe vyake.

Nadra akauliza, "Baba kashuka?"

Nikasema, "Kashuka."

Akautazama mlango. Akasema, "Mbona haji?"

Eda nimeimaliza, kaka. Msiba ndio kwanza nauanza.

Nduguyo,
Mwamvua